Kitambi, hedhi na homoni: nani anamvuruga mwenzake?

Siku hizi Lamu ukikaa na kina mama kwenye shughuli yoyote, iwe harusi iwe arubaini ya mtoto, lazima mmoja aseme "mie hizi ni homoni tu". Amenenepa, ni homoni. Hedhi imeruka miezi mitatu, homoni. Vindevu vimeanza kuota kidevuni, homoni pia. Kisha akienda hospitali daktari anamgeuzia maneno, anamwambia mama punguza mwili kwanza, hizo homoni zitatulia zenyewe, na yeye anatoka pale amenuna manake alichosikia ni kwamba ameitwa mlafi. Sasa nani mkweli hapo? Mie naona wote wawili, shida ni kwamba kila mmoja anasimulia nusu. Mafuta ya mwili na homoni za jinsia, yani estrojeni, projesteroni na testosteroni, zinatumiana habari mchana na usiku na habari zenyewe zinakwenda pande zote mbili, mafuta yanaathiri homoni na homoni zinaathiri mafuta, ndo maana ukiuliza kipi kilianza unajikuta unazunguka pale pale.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mafuta yenyewe. Watu wengi, na hata wanasayansi kwa miaka mingi tu, walidhani shahamu ya mwilini ni stoo, unakula ukazidisha mwili unaweka, ukikosa mwili unatoa, basi. Kilichobadilisha hayo mawazo ni panya. Mwaka 1949 kwenye maabara ya Jackson, jimbo la Maine huko Marekani, walitokea panya wanene ajabu, wanakula hawashibi, na kitu ambacho watu hupenda kukiruka wakisimulia hii habari, walikuwa pia tasa. Ilichukua miaka 45. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni iliyokuwa imeharibika kwa wale panya, na ile jeni kazi yake ni kutengeneza homoni ambayo wakaiita leptini. Na leptini inatoka wapi? Inatoka kwenye seli za mafuta zenyewe. Kwa hio mafuta si stoo peke yake, ni tezi kabisa inayomwaga homoni kwenye damu kama tezi nyengine yoyote.

Wale panya walipodungwa leptini wakapungua, hilo ndo lililotangazwa kila mahali. Lakini mwaka 1996 ikaonekana kwamba wale majike walirudi kushika mimba vilevile. Na ukiwapunguza unene kwa kuwanyima chakula tu bila kuwapa leptini, wanakonda vizuri lakini utasa uko pale pale! Yani kilichokuwa kimefunga uzazi si ule unene, ni ile taarifa ya mafuta ambayo haikuwa inafika kichwani. Hapo ndo mambo yote yanaanzia.

Taarifa yenyewe ni gani? Leptini inaiambia ubongo mafuta yapo kiasi gani. Ubongo nao unahitaji kujua, manake mimba na kunyonyesha vinakula nguvu nyingi sana na mwili haukubali kuanza safari ile bila akiba. Mfikirie nahodha wa jahazi, haondoki bandarini mpaka baharia amwambie maji na chakula vilivoko chini vinatosha safari, na baharia akinyamaza nahodha hangojei kuuliza mara ya pili, nanga haing'olewi. Leptini ndo yule baharia. Ikiwa chini, ule upande wa chini wa ubongo unaoitwa haipothalamasi unapunguza kutoa ile homoni inayoamsha tezi ya pituitari, pituitari nayo inapunguza homoni zake mbili, LH na FSH, na ovari au korodani zikikosa LH na FSH hazina cha kufanya, estrojeni inashuka, testosteroni inashuka, yai halipevuki. Kuna kitu kimoja kilichowasumbua watafiti hapo, zile neva za mwisho zinazotoa amri ya uzazi hazina hata mahali pa kupokea leptini. Ikaja kujulikana habari inapitia kwa neva nyengine za katikati, hizo ndo zinapokea halafu zinapeleka mbele.

Na si panya peke yao. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza walieleza habari ya watoto wawili, binamu, waliozaliwa hawana leptini kabisa, wakawa na njaa isiyokwisha na unene wa kutisha wangali wadogo. Watu kama hao, ni wachache mno duniani, wasipotibiwa hubaki bila kubaleghe sawasawa. Wakidungwa leptini njaa inatulia, na wakifika umri wao wanabaleghe. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia, ukimdunga leptini mtoto mdogo haanzi kuvunja ungo akiwa na miaka mitano. Leptini ni ruhusa, si amri. Umri ukifika na ruhusa ipo, mambo yanaenda.

Ndo maana bibi zetu wanaposema watoto wa kike wa siku hizi wanavunja ungo mapema kuliko wao, hawasemi uongo. Nchi nyingi duniani umri wa hedhi ya kwanza umeshuka ukilinganisha na zamani, na wasichana wenye mwili mkubwa kwa kawaida hutangulia wembamba. Lishe imebadilika, magonjwa ya utotoni yamepungua, ruhusa inatolewa mapema. Si uchawi wala si simu.

Upande wa pili wa hilo ni wale waliokonda mno. Rose Frisch wa Harvard ndo aliyeileta hii hoja kwa nguvu, mwaka 1974 yeye na mwenzake waliandika kwamba msichana anahitaji mafuta kama asilimia 17 ya uzito wake ndo hedhi ianze, na kama asilimia 22 ndo iendelee kuja kila mwezi. Baadaye ikaonekana zile namba si mstari wa kukata kwa kisu, kuna wembamba wanaopata hedhi vizuri na kuna wenye mwili wa kati wanaoikosa, kinachoangaliwa zaidi ni nguvu inayobaki baada ya mwili kutumia, mtu anayefanya mazoezi makali na hali sawasawa anaweza kukosa hedhi hata kama kwa macho humuoni kama mgonjwa. Lakini mzizi wa hoja yake ulikuwa sahihi. Mwaka 2004 watafiti wakawapa leptini wanawake ambao hedhi zao zilikatika kwa sababu ya mazoezi au uzito mdogo, na baadhi yao mayai yakaanza kupevuka tena, wala hawakuwa wamenenepa. Basi wewe dada unayejinyima chakula kabisa miezi miwili kabla ya harusi ili nguo ikukae, halafu siku zako zinapotea unadhani umerogwa, hujarogwa. Leptini hushuka haraka sana mtu akianza kushinda njaa, inashuka mbio kuliko hata yale mafuta yenyewe yanavopungua. (Na kabla hamjaniuliza, Ramadhani si hivo, jioni mtu anafuturu na daku anakula, na tukisema ukweli kwa zile kaimati na viazi karai wengine wanatoka mwezi mtukufu wameongeza kilo.)

Sasa linakuja swali ambalo mtu makini lazima aulize. Kama leptini inatoka kwa mafuta na leptini ndo ruhusa ya uzazi, basi mwanamke mnene angekuwa ndo mwenye hedhi nzuri kuliko wote, mbona ni kinyume? Kwa kiasi fulani ni kwa sababu leptini ikizidi muda mrefu ubongo unaacha kuisikia. Iko nyingi kwenye damu, tele, lakini ubongo unaendelea kama vile haipo, njaa haipungui. Hii ndo sababu leptini haikuwa ile dawa ya kukondesha watu wote waliyoitarajia miaka ile ya tisini, mtu mnene wa kawaida anayo leptini nyingi tayari, ukimuongezea unamuongezea kitu asichokisikia. Iliishia kuwa dawa ya watu wachache sana, kule Marekani iliidhinishwa mwaka 2014 kwa wale wenye ugonjwa unaowafanya wakose mafuta mwilini. Na wagonjwa hao watakushangaza, hawana mafuta lakini wana sukari, wana njaa kali, na wanawake wao wengi hedhi zinavurugika. Kukosa mafuta na kuzidisha mafuta kunaweza kukufikisha mlango mmoja.

Lakini kwa mwanamke mnene insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ndo mchokozi mkubwa zaidi. Kuna homoni nyengine ya mafuta inaitwa adiponektini, na hii ina tabia ya ajabu, ukinenepa yenyewe inapungua. Kazi yake mojawapo ni kuufanya mwili uitikie insulini. Ikipungua, insulini inakuwa kama haisikiki, kongosho inalazimika kumwaga nyingi zaidi, na ile insulini nyingi inafanya mambo mawili kwenye uzazi. La kwanza, inazichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi (kila mwanamke anazo, ila kidogo). La pili, inaliambia ini lipunguze protini inayobeba homoni za jinsia kwenye damu, kwenye karatasi ya maabara huandikwa SHBG. Ile protini ikiwa imeishika testosteroni, testosteroni haifanyi kazi. Ikipungua, testosteroni inabaki huru inazunguka. Ndo hapo unaona vindevu, chunusi za utu uzima, nywele za kichwani zinapungua mbele, hedhi inakuja inapotaka, mimba haishiki. Zikikusanyika hizo ndo madaktari wanasema PCOS, na Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata kama mmoja kati ya wanawake kumi walio kwenye umri wa kuzaa, wengi wao hawajui kama wanayo.

Angalieni vile inavozunguka. Insulini inapandisha homoni za kiume, homoni za kiume kwa mwanamke zinayapeleka mafuta tumboni, mafuta ya tumboni yanazidi kuharibu usikivu wa insulini. Ukimwambia huyu dada "ni unene wako" umemuonea, manake wapo wembamba wenye PCOS, na ugonjwa wenyewe unamfanya anenepe kwa urahisi. Ukimwambia "ni homoni tu huna la kufanya" pia umempoteza, kwa sababu akipunguza asilimia 5 mpaka 10 tu ya uzito, mara nyingi yai linaanza kupevuka tena. Mtu wa kilo 90 hapo ni kilo nne na nusu mpaka tisa, si lazima arudi mwili aliokuwa nao akiwa msichana. Hili huwa halisemwi vya kutosha, watu wanatajiwa kilo thelathini wanakata tamaa wanarudi kwa mahamri.

Hebu tugeuze sasa, vile homoni za jinsia zinavoyaendesha mafuta. Estrojeni ndo inayoyapeleka mafuta kwenye nyonga, mapaja na makalio, chini ya ngozi, na mwanaume yeye yake yanaenda tumboni ndani, yanazunguka ini na utumbo. Yale ya nyonga hayana ubaya mwingi, yanakaa kimya, na mwili hauyatoi ovyo ovyo mpaka wakati wa kunyonyesha ndo yanaachilia kirahisi zaidi kwa ajili ya maziwa. Yale ya ndani ya tumbo ndo yenye fujo. Tena yale ya chini ya ngozi ndo yanayotoa leptini zaidi, na testosteroni huikandamiza leptini, ndo ukipima mwanamke na mwanaume wenye uzito na urefu sawa utakuta mwanamke ana leptini mara mbili mpaka tatu ya mwanaume. Adiponektini pia wanawake wanayo zaidi, testosteroni inaishusha. Kwa hio mke na mume wale sahani moja ya wali wa nazi kila siku miaka kumi, miili yao haitoki sawa, na sukari au presha haitawashika kwa namna moja.

Hedhi ikishakoma, kule kwenye hamsini, estrojeni ya ovari inaondoka na mafuta yanahama. Mwanamke aliyekuwa na nyonga maisha yake yote anaanza kuona tumbo, nguo za kiunoni hazifungi, na wengi wanaapa hawajabadilisha chakula. Inawezekana kabisa ni kweli. Na kuanzia hapo moyo wake unaingia kwenye hatari karibu na ile ya mwanaume.

Ila mafuta yana jambo jengine ambalo mie nikilifikiria huona ndo kubwa kuliko yote. Ndani yake mna enzaimu inaitwa aromatesi, na kazi ya aromatesi ni kuzichukua homoni za kiume na kuzigeuza estrojeni. Yani shahamu inatengeneza estrojeni. Kwa mwanamke kijana haina uzito sana manake ovari zinatoa ya kwao nyingi, lakini baada ya hedhi kukoma karibu estrojeni yote aliyonayo inatoka huko, kwenye mafuta na tishu nyengine za mwili. Mwenye mafuta mengi ana estrojeni nyingi. Hii ina kheri yake, mifupa yake mara nyingi haiishi haraka kama ya mwembamba. Shari yake ni kwamba estrojeni bila projesteroni ya kuitulizia inaunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi mwaka baada ya mwaka, na unene baada ya hedhi kukoma unaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo wa kizazi na ya matiti. Dawa kama letrozole na anastrozole wanazopewa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti waliokwisha koma hedhi zinafanya hilo tu, zinaizuia aromatesi.

Kwa hio mama, shangazi, bibi, yeyote aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, asikae nayo. Najua vile huku kwetu mambo hayo husitiriwa, mtu humwambia binti yake baada ya miezi sita, au husema "nimerudi ujana" wakacheka. Aende apimwe wiki ile ile. Mara nyingi si saratani, lakini ikiwa ndo yenyewe ikiwahiwa inatibika vizuri.

Wanaume sasa, msidhani mmepona. Kitambi huku bado kinahesabiwa neema, mtu akitokea nacho barazani anaambiwa mashallah biashara imekubali. Lakini kile kitambi kina aromatesi ile ile, kinaichukua testosteroni yake kinaigeuza estrojeni, insulini nayo inaishusha ile protini ya SHBG na yeye testosteroni yake ya jumla inasoma chini, na estrojeni pamoja na ule uvimbe wa chini kwa chini unaotoka kwenye mafuta unauambia ubongo upunguze LH, korodani zinapunguza kazi. Testosteroni ikishuka misuli inapungua, mafuta yanaongezeka tumboni, na tumbo linaendelea kuishusha testosteroni. Nguvu zinapungua, hamu inapungua, matiti yanaanza kutokeza, na mtu badala ya kuangalia mkanda wake unafika tundu la ngapi anatafuta vumbi la kunywa na maziwa. Wengine wabaya zaidi wanajidunga testosteroni za vijana wa jimu. Ukidungwa kutoka nje ubongo unaona ipo tele, unazima LH na FSH kabisa, korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua hadi pengine zisionekane kwenye kipimo, kijana alitaka nguvu ya ndoa anaishia kukosa mtoto. Wakati mwanaume mnene akipungua tu, testosteroni yake mara nyingi inapanda yenyewe, na akipungua zaidi inapanda zaidi.

Kidogo kuhusu zile dawa za "kusafisha homoni" na chai za kupunguza tumbo. Homoni hazichafuki. Chai inayokuharisha inakutoa maji, leptini na insulini ziko pale pale. Na kina dada wanaotumia sindano ya miezi mitatu, hedhi ikikosekana ukiwa kwenye ile sindano si damu imeganda tumboni kama inavosemwa, ni dawa imeufanya ukuta wa kizazi uwe mwembamba hakuna cha kutoka. Kuongeza uzito kwa hio sindano kupo kwa baadhi ya wanawake kweli, na ikikupata sema kwa nesi, zipo njia nyengine, usiache kimya kimya ukashtukia mimba.

Kipimo cha kwanza wala hakihitaji maabara. Chukua tepu ya fundi, zungusha tumboni usawa wa kitovu ukiwa umepumua kawaida usijibane, mwanamke akipita sentimita 80 na mwanaume akipita 94 ndo pa kuanza kuangalia, halafu sukari kabla ya kula na presha. Kupunguza ni kule kule kunakojulikana, sukari ya chai, soda, sahani ya pili ya biriani, na miguu. Zamani mtu akitoka mjini kwenda Shela anapita ufukweni kwa miguu, sai hata kijana anangojea boti.

Ukiandikiwa vipimo vya homoni, uliza siku. Testosteroni ya mwanaume hutolewa damu asubuhi, mchana inasoma chini bure. Kwa mwanamke mwenye hedhi, FSH, LH na estrojeni hupimwa kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi, na projesteroni wiki moja hivi kabla ya hedhi inayofuata. Na kama unatumia vidonge au sindano ya uzazi wa mpango mwambie anayekupima kabla hajakutoboa, vinginevyo utalipia karatasi ambayo hata daktari mwenyewe hawezi kuisoma.